Ujumbe wa Mafuta: Kimeng'enya cha COX na Mazungumzo ya Seli



Nianze na kidonge ambacho wengi wetu tumewahi kukimeza. Mtu ameng'oa jino, au mgongo umemkaza baada ya siku nzima ya kulima. Anakwenda duka la dawa, anaomba diklofenaki. Baada ya saa moja maumivu yanapungua. Kama alikuwa na homa, inashuka. Uvimbe nao unaanza kunywea. Hadi hapo ni heri tupu. Lakini mtu huyo huyo akiendelea kukimeza mwezi mzima, tumbo lake linaweza kufanya kidonda na kuvuja damu. Akiwa mzee mwenye figo dhaifu, mkojo unaweza kupungua na miguu ikajaa maji. Akiwa mjamzito wa miezi minane, dawa inaweza kumfikia mtoto na kuubana mshipa ulio jirani na moyo wake. Jino, ubongo, tumbo, figo, mtoto ambaye hajazaliwa: kidonge kimoja kimewezaje kufika kote huko na kufanya kila mahali jambo tofauti?

Ukweli ni kwamba kidonge hicho hakifanyi mambo mengi. Kinafanya jambo moja: kinaziba njia ya kimeng'enya ambacho kazi yake ni kugeuza kipande cha mafuta kuwa ujumbe. Hayo mengine tunayoyaona ni ya seli zilizokuwa zikiungoja ujumbe huo na hazikuupata. Jambo ninalotaka mwondoke nalo hapa ni hili, nami nitalieleza kwa njia ndefu kidogo kwa sababu linastahili: ujumbe huu wa mafuta hauna maana ndani yake wenyewe. Maana anayo anayeupokea.

Tumezoea kuyafikiria mafuta kama akiba ya mwili, au kama kitu ambacho daktari wa moyo anatukataza. Tuyatazame upya. Kila seli mwilini imezungukwa na utando uliojengwa kwa lipidi, aina ya mafuta ambayo ncha yake moja inapenda maji na ncha nyingine inayakimbia. Utando huo una unene wa nanomita 5 hivi, na nanomita moja ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Kwa muda mrefu ulionekana kuwa ni ukuta tu, wa kutenganisha ndani na nje. Kumbe ndani ya ukuta huo imehifadhiwa malighafi ya kutengenezea ujumbe. Katika lipidi nyingi za utando, nafasi ya katikati inakaliwa na asidi ya mafuta yenye kaboni 20, iitwayo asidi arakidoni. Tunaipata kwenye nyama, mayai na samaki, na mwili unaweza pia kuitengeneza wenyewe kutokana na asidi nyingine ya mafuta iliyojaa katika mbegu kama alizeti.

Asidi arakidoni ikiwa imefungwa katika utando, imenyamaza. Seli inapoumia, au inapopata amri kutoka nje, kiasi cha kalsiamu kinapanda ndani yake, na kimeng'enya cha kwanza, fosfolipasi A2, kinahamia kwenye utando na kuikata asidi hiyo itoke. Ikishatoka inakutana na mhusika mkuu wa mhadhara huu, siklooksijenasi. Wataalamu wanakiita COX, nami nitakiita hivyo hivyo ili tusichoshane na jina refu.

COX kimezama nusu katika utando wa ndani ya seli, ule unaokizunguka kiini na ule wa mifereji iliyo karibu nacho. Ndani yake kuna njia ndefu, nyembamba, na mdomo wa njia hiyo unafunguka ndani ya mafuta ya utando wenyewe. Nadhani hapa tunastahili kustaajabu. Asidi arakidoni haipatani na maji, na seli imejaa maji. Lakini kwa mpango huu inateleza kutoka kwenye mafuta na kuingia ndani ya kimeng'enya bila kuogelea popote. Ikiwa humo, COX kinaipachika molekuli mbili za oksijeni na kuikunja katikati mpaka inafanya pete ya kaboni 5. Kinachotoka kinaitwa PGH2, na PGH2 ni njia panda. Vimeng'enya vingine vinaipokea, na kila aina ya seli ina vyake. Chembe sahani za damu, zile zinazogandisha damu mtu akijikata, zinaigeuza kuwa thromboksani. Kuta za mishipa ya damu zinaigeuza kuwa prostasaiklini. Tumbo, figo na ubongo hupenda zaidi kuifanya PGE2. Mji wa mimba unafanya PGE2 na nyingine iitwayo PGF2α. Ukoo mzima, ukiacha thromboksani ambayo ni binamu, unaitwa prostaglandini.

Ujumbe huu hautunzwi. Homoni kama insulini hukaa imefungashwa ndani ya seli ikisubiri saa yake, kisha husafiri na damu mwili mzima. Prostaglandini hutengenezwa dakika ile ile inapohitajika na haifiki mbali. Thromboksani ikiwa katika maji yenye joto la mwili, nusu yake inakuwa imekwisha baada ya sekunde 30 hivi. Prostasaiklini hudumu dakika chache. PGE2 ni imara zaidi, lakini damu ikipita mara moja tu kwenye mapafu, zaidi ya sehemu 9 kati ya 10 za PGE2 huondolewa. Kwa hiyo ni ujumbe wa mtaa mmoja: seli inaiambia seli iliyo karibu, pengine inajiambia yenyewe, kisha neno linafutika.

Linapokelewa vipi? Juu ya utando wa seli pokezi kuna protini ziitwazo vipokezi. Kwa ukoo huu wote vinajulikana vipokezi 9, na 4 kati yake ni vya PGE2 peke yake: EP1, EP2, EP3 na EP4. Prostaglandini ikishikwa na kipokezi upande wa nje, kipokezi kinabadilika umbo na kuamsha protini nyingine upande wa ndani. EP2 na EP4 hupandisha ndani ya seli kemikali iitwayo cAMP. EP3 kwa kawaida huishusha. EP1 hupandisha kalsiamu. Katika msuli laini, cAMP ikipanda msuli unalegea. Kalsiamu ikipanda unajikaza. Mgeni mmoja anapiga hodi ile ile katika nyumba nne, kwa sauti ile ile. Nyumba moja inamkaribisha, ya pili inafunga madirisha, ya tatu inawasha moto, ya nne inauzima. Ukimuuliza mgeni amesema nini, hatakuwa na la kukuambia zaidi ya hodi.

Fumbo hili lilikuwepo tangu siku ya kwanza ya habari yenyewe, na hapo ndipo historia yake inaponivutia. Mwaka 1930 huko New York, Raphael Kurzrok na Charles Lieb walitia shahawa mbichi kwenye vipande vya msuli wa mji wa mimba. Wakati mwingine kipande kilijikaza, wakati mwingine kililegea. Kitu kimoja, majibu mawili yanayopingana. Mtafiti mwingine angeona kwamba jaribio limeharibika na angelitupa. Wao walilichapisha. Miaka michache baadaye Maurice Goldblatt wa Uingereza na Ulf von Euler wa Sweden, kila mmoja kivyake, walionyesha kwamba katika majimaji hayo kuna kitu chenye nguvu juu ya misuli na shinikizo la damu. Von Euler akagundua kuwa ni asidi inayoyeyuka katika mafuta, akaiita prostaglandini. Kisha ikaja vita, na mambo yakalala.

Aliyeyaamsha ni Sune Bergström, naye ni Msweden. Alikusanya tezi za kondoo dume kwa wingi, na mwaka 1957 alipata fuwele za kwanza za prostaglandini. Kufikia mwaka 1962 alikuwa ameujua muundo wake. Mwaka 1964 kundi lake, pamoja na kundi la David van Dorp nchini Uholanzi, yalionyesha kwamba prostaglandini inatokana na asidi arakidoni. Kuanzia siku hiyo mafuta ya utando yaliacha kuwa ukuta tu. Mwanafunzi wa Bergström, Bengt Samuelsson, aliiendeleza kazi hiyo, akafuatilia hatua moja moja ya njia niliyowaeleza.

Wakati huo, London, mtu mwingine alikuwa anaifikia njia hiyo hiyo kwa mlango wa nyuma. John Vane alifanya kazi katika Chuo cha Kifalme cha Madaktari wa Upasuaji, na chombo chake kikuu kilikuwa nyama hai. Alivitundika vipande vya wanyama kimoja chini ya kingine: ukanda wa tumbo la panya, utumbo mpana wa panya, kipande cha mwisho wa utumbo wa kifaranga, ukanda wa aota ya sungura. Juu yake aliachia majimaji yatiririke, yakitoka kwenye kiungo alichokuwa anakichunguza. Kila kipande kilikuwa na tabia yake. Kimoja kilijikaza kwa adrenalini, kingine kililegea. Hiki kilijibu prostaglandini, kile hakikuitambua. Kwa kusoma majibu ya vipande vyote kwa pamoja, Vane aliweza kutaja kilichomo katika majimaji, hata kama kitu hicho kingetoweka kabla hakijafika kwenye chupa ya mkemia. Nawaomba wanafunzi walioko hapa walitafakari hilo. Leo tuna mashine zinazopima uzito wa molekuli moja moja, na ni nzuri. Lakini kitu kinachoishi sekunde 30 kilijulikana kwanza kwa sababu mtu alimuuliza mpokeaji badala ya kumkimbilia mtumaji.

Mwaka 1969 Vane na Priscilla Piper walitumia mbinu hiyo kwenye mapafu ya simbilisi waliyempa mzio. Mapafu yalitoa kitu kilichoikaza aota ya sungura na kutoweka baada ya muda mfupi sana. Waliona pia kwamba ukiweka aspirini, kitu hicho hakitoki kabisa. Miaka miwili baadaye, mwaka 1971, Vane alitangaza alichokuwa amekikisia: aspirini na dawa za jamii yake huzuia utengenezaji wa prostaglandini. Aspirini ilikuwa sokoni tangu mwaka 1899. Kwa zaidi ya miaka 70 watu waliimeza kwa tani na tani, na hakuna aliyeweza kusema inafanya nini. Na kile kitu cha ajabu cha mwaka 1969? Mwaka 1975 kundi la Samuelsson lilikitambua kuwa ni thromboksani. Mwaka uliofuata Vane, pamoja na Salvador Moncada na wenzao, wakagundua prostasaiklini. Mwaka 1982 Bergström, Samuelsson na Vane waligawana Tuzo ya Nobel ya Tiba.

Umbo la COX lenyewe lilionekana mwaka 1994, kundi la Michael Garavito huko Chicago lilipokipiga picha kwa miale ya eksirei. Hapo ndipo ile njia nyembamba ilipoonekana, na ikaeleweka aspirini inafanya nini humo. Inaingia, inaacha kipande chake kidogo kimenasa mahali penye mbano, na asidi arakidoni haipiti tena. Kimeng'enya hicho ndiyo basi, hakitafanya kazi tena mpaka seli itengeneze kingine kipya. Ibuprofeni na diklofenaki ni tofauti: hukaa njiani kwa muda, kisha hutoka.

Sasa tuuchukue ujumbe huu mahali unapotugusa. Chukueni homa. Wengi tunadhani joto la malaria linaletwa na vimelea vyenyewe, kana kwamba ni vya moto. Vimelea vinapopasua chembe nyekundu za damu, seli za kinga hutoa protini za tahadhari. Protini hizo zinapofika kwenye mishipa midogo ya ubongo, seli za kuta zake huanza kutengeneza COX kwa wingi, na PGE2 inaanza kutoka. Hatua chache tu kutoka hapo, katika sehemu ya ubongo inayopanga joto la mwili, kuna niuroni zenye kipokezi cha EP3. Zikiipokea PGE2, kipimo cha joto linalotakiwa kinapandishwa. Ndiyo maana mgonjwa mwenye nyuzi 39 anatetemeka na kuomba blanketi: ubongo wake umeambiwa kwamba mwili una baridi. Mwaka 1998 watafiti wa Japani waliokuwa na Shuh Narumiya walionyesha kwamba panya wasio na EP3 hawapati homa hata wakipewa vitu ambavyo kwa kawaida huileta. PGE2 ipo, protini za tahadhari zipo, lakini hayupo wa kusikia. Dawa ya homa inaukata ujumbe huo tu. Haimgusi mdudu wa malaria, na joto likishuka bila kupima damu, ugonjwa unaendelea kimya kimya.

PGE2 hiyo hiyo, ikitengenezwa tumboni, haihusiani na joto hata kidogo. Huko inaziambia seli zitoe ute wa kulinda ukuta, inapunguza tindikali, inafungua mishipa ya damu. Kwenye figo iliyozidiwa, inafungua mshipa unaoingiza damu ili mkojo uendelee kutoka. Sasa mnaona kwa nini yule mnunuzi wa diklofenaki aliumia tumbo na figo. Hakuna seli iliyopigwa sumu. Seli zilinyimwa taarifa zilizokuwa zinazilinda.

Kwenye damu mambo yanakuwa na uzito wa pekee, kwa sababu pale wajumbe wawili wanaotokana na PGH2 ile ile wanavutana. Thromboksani kutoka kwa chembe sahani inasema gandeni, na inaukaza mshipa. Prostasaiklini kutoka kwa ukuta wa mshipa inasema msigande, na inaulegeza. Mtu akiwa mzima, mivutano hiyo miwili inalingana. Aspirini kidogo, miligramu 75 hadi 100 kwa siku, inaupindisha mlingano huo kwa njia ya ujanja. Chembe sahani hazina kiini, hivyo haziwezi kutengeneza COX nyingine. Iliyoharibiwa leo imeharibika kwa maisha yake yote, siku 7 hadi 10. Seli za ukuta wa mshipa zina kiini, na kesho zinatengeneza COX mpya. Thromboksani inakatika, prostasaiklini inabaki. Wagonjwa wengi waliowahi kupata mshtuko wa moyo wanalindwa kila siku na tofauti hiyo ndogo. Kwa sababu hiyo hiyo, mtu mwenye homa ya dengi hapaswi kupewa aspirini, diklofenaki wala ibuprofeni. Dengi inazipunguza chembe sahani, na zilizobaki zinaihitaji sauti yao. Dar es Salaam ilipopata milipuko ya mwaka 2014 na mwaka 2019, hili lilikuwa jambo la kufa na kupona, na bado ni hivyo kila mvua zinaponyesha.

Katika eneo hili hili sayansi ilipata somo chungu. Mwaka 1991 ilibainika kwamba COX ni vimeng'enya viwili ndugu. COX-1 kipo muda wote, tumboni na kwenye chembe sahani. COX-2 huitwa kazini palipo na uvimbe. Ikaonekana wazi kabisa: tengeneza dawa inayoziba COX-2 peke yake, maumivu yataondoka na tumbo litasalimika. Dawa zikatengenezwa. Rofecoxib, iliyouzwa kwa jina la Vioxx, iliidhinishwa Marekani mwaka 1999 na kumezwa na mamilioni ya watu. Tarehe 30 Septemba 2004 kampuni ya Merck iliiondoa sokoni dunia nzima, baada ya jaribio kuonyesha kwamba waliomeza dawa hiyo kwa zaidi ya miezi 18 walipata mshtuko wa moyo na kiharusi zaidi ya waliomeza kidonge kitupu. Prostasaiklini ya ukuta wa mshipa, kwa sehemu kubwa, ni kazi ya COX-2. Waliizima, wakaiacha thromboksani ya COX-1 ikisema peke yake. Walikuwa wamekisoma kimeng'enya vizuri sana. Waliosahauliwa ni wapokeaji.

Nije sasa nyumbani, na hapa mtaniwia radhi nikikaa kidogo.

Miaka ya 1960 Chuo cha Makerere, Kampala, kilikuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, pamoja na vyuo vya Nairobi na Dar es Salaam. Humo alifanya kazi mtaalamu wa dawa aitwaye Sultan Karim. Mwaka 1966 alichapisha kwamba prostaglandini zimo katika maji ya chupa ya uzazi. Mwaka 1968 alionyesha kwamba PGF2α inaonekana katika damu ya mama wakati wa uchungu. Mwaka huo huo yeye na wenzake, akiwemo Profesa Trussell wa idara ya uzazi, walichapisha katika jarida la madaktari la Uingereza kwamba ukiingiza PGF2α kwa dripu katika mshipa wa mama aliyefikia siku zake, uchungu unaanza. Kutoka Kampala dunia ilijifunza kwamba uchungu wa uzazi unaweza kuamshwa kwa ujumbe ule ule ambao mwili wenyewe unautumia. Bergström alikuwa na fuwele na Vane alikuwa na vipande vyake vya nyama. Kazi ya kumfikishia mama prostaglandini ilifanyika kwetu. Wanafunzi wetu wanaweza kunitajia Stockholm na London bila kusita, na ninapowauliza juu ya Kampala wananitazama tu. Linaniuma, nami nalisema hapa kwa sababu ukumbi huu umejaa vijana.

Kwa nini mji wa mimba unajibu siku hizo na si mwezi wa tano? Kwa sababu mpokeaji amebadilika. Kadiri ujauzito unavyokaribia mwisho, msuli wa mji wa mimba unabadilisha mchanganyiko wa vipokezi vyake, na seli zake zinaunganishwa kwa vijia vingi zaidi ili zijikaze pamoja. Mlango wa kizazi nao unailainisha nyama yake PGE2 inapoufikia. Ni msuli wa aina ile ile ambao mwaka 1930, kule New York, ulikuwa unawapa Kurzrok na Lieb majibu mawili.

Mwaka 1973 kampuni moja ya Marekani ilitengeneza misoprostoli, nakala ya prostaglandini yenye marekebisho kidogo ili iweze kumezwa bila kuharibika upesi. Ilikusudiwa vidonda vya tumbo. Tumboni ilipunguza tindikali kama ilivyotarajiwa, na ikifika kwenye mji wa mimba iliukaza. Dawa moja, wapokeaji wawili. Wakunga walioko hapa wanajua maana ya mji wa mimba kujikaza baada ya mtoto kutoka. Kondo likishatoka, mishipa iliyokuwa inalilisha inabaki wazi, na kinachoifunga ni msuli wenyewe ukijikamua. Usipojikaza, mama anaweza kuishiwa damu katika muda usiofika saa mbili. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba kutokwa na damu nyingi baada ya kujifungua kulikuwa kunaua wanawake 70,000 hivi kila mwaka. Oksitosini ni dawa bora ya kuzuia hilo, lakini inataka jokofu na sindano. Misoprostoli ni kidonge kinachokaa katika joto la kawaida.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, mkoani Kigoma, Ndola Prata na kina Godfrey Mbaruku waliwafundisha wakunga wa jadi kutumia misoprostoli kwa mama waliojifungulia nyumbani. Tatizo la kwanza lilikuwa la kipimo: katika nyumba yenye kibatari, mkunga atajuaje kwamba damu imepita nusu lita? Jibu lilikuwa kanga. Kanga zina ukubwa unaokaribiana, na kila nyumba inazo. Zikilowa mbili, damu imefikia kiasi cha hatari, na vidonge vitumike. Wanawake waliohitaji kukimbizwa hospitali walikuwa wachache sana kuliko katika eneo la kulinganishia. Matokeo yalichapishwa mwaka 2005, na mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani liliiweka misoprostoli katika orodha ya dawa muhimu kwa ajili ya kuzuia damu hiyo. Sijaona mahali pengine ambapo kazi ya maabara ya Ulaya imekutana na akili ya mama wa kijijini kwa heshima kiasi hicho.

Nimalizie na yule mtoto niliyemtaja mwanzoni kwa haraka. Mtoto akiwa tumboni hapumui, kwa hiyo damu haina haja ya kupita yote kwenye mapafu. Kuna mshipa mfupi unaoitoa kwenye mshipa mkuu wa mapafu na kuipeleka moja kwa moja kwenye aota. Kwa miezi yote hiyo mshipa huo unashikiliwa wazi na PGE2, nyingi ikitoka kwenye kondo, na kipokezi chake hapo ni EP4, kinacholegeza. Mtoto akizaliwa, kondo linaondoka. Mapafu yanafunguka, damu inapita humo kwa wingi, na mapafu, kama nilivyosema, ndiyo yanayoiondoa PGE2. Oksijeni inapanda. Ujumbe wa kulegea ukikoma, mshipa unajikaza, na katika siku chache unafungwa. Mama akimeza diklofenaki katika miezi mitatu ya mwisho, ujumbe unakatika kabla ya wakati, mtoto akiwa bado anauhitaji mshipa huo. Mamlaka ya dawa ya Marekani mwaka 2020 ilitaka dawa za jamii hii ziepukwe tangu wiki ya 20, kwa kuwa figo za mtoto nazo zinaumia na maji ya chupa yanapungua. Muuza dawa anayemuuliza mwanamke kama ni mjamzito kabla ya kumpa kidonge cha mgongo anafanya kazi ya daktari wa moyo wa watoto.

Kuna mtoto anayezaliwa kabla ya siku zake, na mshipa huo unakataa kufungwa. Damu inafurika mapafuni naye anashindwa kupumua. Huyo hupewa ibuprofeni, COX inazibwa, na mara nyingi mshipa unafunga. Kuna mwingine anayezaliwa na hitilafu ya moyo ambayo inaufanya mshipa huo kuwa njia pekee ya damu kufika mapafuni au mwilini; ukifunga, anakufa. Huyo hupewa prostaglandini E1 kwa dripu, saa baada ya saa, ili mshipa ubaki wazi mpaka daktari wa upasuaji awe tayari.